Kuvukuta na Kusana: Tahakiki ya Uanagenzi wa Gitaa katika Muziki wa Dansi wa Tanga

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza namna ufundi wa gitaa ulivyorithishwa kutoka kwa wapigaji wakongwe kwenda kwa vijana katika bendi za dansi za Tanga. Mkazo umewekwa kwenye njia iliyoanzia Jamhuri Jazz Band, ikapitia Simba Wanyika, ikafika Les Wanyika. Hoja kuu ni kwamba uhakiki uliozoea kumtafuta mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja mwenye kipaji hauwezi kuueleza muziki huu, kwa kuwa katika bendi za Tanga aliyefundisha hakuwa mtu peke yake. Kiti cha gitaa la ridhimu nacho kilikuwa mwalimu. Tahakiki inaongozwa na dhana ya uanagenzi kama inavyofahamika pwani, na hasa methali isemayo: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Inahitimishwa kwamba methali hiyo haina budi kusomwa upya, kwa sababu katika muziki huu kuvukuta kulikuwa ufundi uliokamilika.

1.0 Utangulizi

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Jambo hilo halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa muziki wa Kiswahili. Mwandishi mkubwa wa Tanga alimwona mwimbaji kuwa mtu anayefaa kuandikiwa wasifu, na akautazama usanii wake kuwa safari yenye mwanzo, mafunzo na matokeo. Tangu hapo waimbaji, na hasa wa taarabu, wamekuwa na waandishi wao. Wapigaji wa gitaa hawajapata bahati hiyo. Majina yao hutajwa katika orodha, kisha mhakiki hupita haraka kwenda kwenye mashairi, kwa kuwa mashairi ndiyo yanayonukulika na kuchambulika kwa zana alizozizoea.

Pengo hilo lina matokeo. Msikilizaji anayesikia wimbo wa dansi wa Tanga au wa Watanga waliohamia Mombasa na Nairobi huvutwa kwanza na magitaa, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Anachosikia ni magitaa matatu yanayozungumza bila kukatizana. Ukiona vyaelea vimeundwa, na maelewano ya namna hiyo hayatokei kwa bahati. Yamefundishwa. Swali la tahakiki hii ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: yalifundishwa na nani, na kwa njia gani?

Kazi zilizopo zinasaidia kwa kiasi. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki wa Waswahili na siasa za utamaduni nchini Tanzania, aliifanya Tanga kuwa uwanja wake wa utafiti. Yeye mwenyewe alipiga kinanda katika bendi ya Watangatanga na katika kikundi cha Babloom Modern Taarab. Hata hivyo, jicho la kitabu hicho liko zaidi kwenye uhusiano wa sanaa na dola. Alex Perullo, katika kazi yake ya mwaka 2011, anaeleza uchumi wa muziki wa Dar es Salaam kwa undani mkubwa. Tahakiki hii haipingani na kazi hizo. Inalenga jambo dogo zaidi, yaani mkono wa kijana juu ya nyuzi na sikio la mkongwe aliyeketi kando yake.

2.0 Hadithi ya Mkongwe na Kijana: Mfano wa Bluzi

Anapotafuta namna ya kusimulia urithishaji wa gitaa, mwandishi wa leo hukutana kwanza na mfano wa bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Ni mfano uliosimuliwa mara nyingi hata umekuwa kama kalibu. Kuna mkongwe aliyepitia dhiki. Anatokea kijana mwenye kipaji. Mkongwe anamtambua, anamkabidhi siri, kisha anaondoka jukwaani. Picha yake iliyo maarufu ni kipindi cha televisheni kilichorekodiwa Hamilton, Canada, Desemba 1983, ambamo Albert King alipiga gitaa pamoja na Stevie Ray Vaughan. Rekodi hiyo ilitolewa mwaka 1999 na kupokelewa kama hati ya urithi, mzee na kijana ana kwa ana.

Kalibu hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hukuza kipaji hadi kumfuta mwalimu. Robert Johnson, aliyefariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27, amevumishiwa kwamba aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda ili apate ufundi. Waliochunguza maisha yake wanamtaja Ike Zimmerman, mpigaji wa Mississippi aliyemfundisha kwa subira. Shetani anajulikana duniani kote, ilhali Zimmerman anajulikana na watafiti tu. Ngano imemnyang'anya mwalimu ujira wake.

Kasoro ya pili ni kwamba kalibu huficha kazi aliyoifanya kijana kabla ya kutambuliwa. Buddy Guy alifika Chicago mwaka 1957 na kupata hifadhi kwa Muddy Waters. Katika albamu ya Muddy Waters iitwayo Folk Singer, iliyotolewa mwaka 1964, Guy anasikika akipiga gitaa lisilo la umeme. Kijana huyo, ambaye baadaye alisifika kwa vishindo vya jukwaani, hapo amejizuia. Anasikiliza, anajibu kwa ufupi, anamwachia mkubwa wake nafasi ya kupumua. Anayeisikiliza albamu hiyo kwa makini atakiri kwamba somo kubwa alilopewa Guy lilikuwa la kunyamaza kwa wakati wake. Kwa hiyo hata bluzi yenyewe, ikisikilizwa badala ya kusimuliwa, inatuelekeza kwenye gitaa la pili. Tanga inatupeleka mbali zaidi katika njia hiyohiyo.

3.0 Mhunzi, Mwanagenzi na Somo

Kiswahili hakikuhitaji kuazima dhana ili kuzungumzia jambo hili. Lugha yetu inamtofautisha mwanafunzi na mwanagenzi. Mwanafunzi huketi mbele ya mwalimu na kuambiwa. Mwanagenzi huketi kando ya fundi na kufanya. Anashika kilichoachwa, anarekebishwa kwa jicho au kwa neno moja, na huenda siku nzima ikapita bila kuelezwa chochote. Useremala, uhunzi, uundaji wa vyombo vya bahari na ushonaji wa kofia vilirithishwa hivyo pwani yote.

Methali ya mhunzi ndiyo inayotufaa zaidi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kukipiga chuma kwa nyundo juu ya fuawe hadi kipate umbo, na kuvukuta ni kuiendesha mivukuto ili moto usizimike. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa mtoto hufuata nasaba ya mzazi wake hata kama hakufikia daraja lake, na kuvukuta kukawa daraja la chini, kifuta jasho cha asiyeweza kusana. Tutaanza na tafsiri hiyo ili tuone mahali inapokwama.

Neno la tatu ni somo. Somo ni lile linalofundishwa. Vilevile somo ni mtu anayemfunda mwari siri za utu uzima. Na tena somo ni mtu mwenye jina sawa na lako. Lugha imeweka mahali pamoja funzo, mfunzaji na mshiriki wa jina. Maana hizo tatu zitatufaa tutakapofikia suala la majina ya bendi.

4.0 Tanga: Mkonge, Klabu na Vyombo

Muziki wa dansi wa Tanga uliota katika ardhi ya mkonge. Zao hilo liliingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Mashamba yaliita vibarua kutoka bara, manamba waliofika na lugha zao, ngoma zao na kiu yao ya starehe siku ya mshahara. Jamhuri Jazz Band yenyewe ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linalotangaza asili ya waanzilishi wake. Mji ulikuwa na Waswahili wa pwani, Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wasambaa na watu wa bara, na ukumbi wa dansi ulikuwa mahali pa kukutania. Atomic Jazz Band ilishindana na Jamhuri Jazz katika miaka ya 1960, na ushindani huo uliendeleza ada kongwe ya pwani ya makundi mawili kushindana kwa ngoma, ambayo Terence Ranger ameieleza katika utafiti wake wa beni wa mwaka 1975.

Katika mazingira hayo kuna jambo moja la kiuchumi linaloamua suala letu. Gitaa la umeme halikuwa mali ya kijana. Chombo, kipaza sauti na spika vilikuwa mali ya klabu au ya mwenye bendi. Mpigaji alifika mazoezini mikono mitupu, akapiga, akakirudisha chombo. Mpigaji wa bluzi wa Mississippi aliweza kubeba gitaa lake mgongoni na kumfuata mwalimu wake barabarani. Kijana wa Tanga hakuweza kulifikia gitaa la umeme ila kwa kupitia bendi, na bendi haikumpokea ila kwa kumpa kiti kilichokuwa wazi. Hivyo, swali la nani alimfundisha nani linatanguliwa na swali la nani alikalia kiti gani.

Viti vilikuwa na madaraja. Gitaa la solo lilibeba sauti ya juu, likafungua wimbo, likajibizana na mwimbaji na kutawala katika chemko, yaani sehemu ya mwisho ambamo mwendo huongezeka na wachezaji hujaa ukumbini. Gitaa la ridhimu lilishika kifungu kifupi na kukirudia. Gitaa la besi lilitembea chini yao. Bendi nyingine ziliongeza gitaa la kati, baina ya solo na ridhimu. Kijana alianzia ridhimu kwa sababu iliyo wazi: hapo kosa lake lingefunikwa na wenzake, na sikio lake lingefunguka. Huko ndiko kuvukuta. Alilisha moto kwa pumzi ya mivukuto huku akimtazama anayesana.

5.0 Kusikiliza Njia: kutoka Jamhuri Jazz hadi Wanyika

Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianza kazi yao ya muziki katika Jamhuri Jazz Band. Mwaka 1970 walihamia Arusha pamoja na ndugu yao William, wakapiga kwa jina la Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka hadi Mombasa, na huko wakajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Katikati ya miaka ya 1970 walihamia Nairobi. Kwa kutazama ramani, njia hii ni ya watu wanaotafuta soko la kurekodi. Kwa kusikiliza, ni njia ya mtindo mmoja unaosafiri huku ukipunguza mzigo.

Rekodi za Simba Wanyika zinaonyesha walichokibeba kutoka Tanga. Solo haikimbii. Hupiga sentensi fupi, huzirudia kwa mabadiliko madogo, na huiachia saksafoni nafasi yake. Ridhimu husikika kwa uwazi kama solo, jambo lisilo la kawaida katika rekodi nyingi za wakati huo, ambamo gitaa la pili huzama katika kelele za ala nyingine. Uwazi huo haukuletwa na fundi mitambo peke yake. Ulitokana na mazoea ya watu waliofunzwa kupiga noti chache. Bendi ya watu waliowahi kuvukuta wote hujua thamani ya pumzi.

Ushahidi mzito zaidi unapatikana mwaka 1978. Katika mwaka huo, wakati Simba Wanyika imepata jina kubwa, kundi la wanamuziki waliowazunguka ndugu wa Kinyonga liliondoka na kuunda Les Wanyika. Walioondoka ni pamoja na Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa gitaa la besi, Rashid Juma wa ngoma na Sijali Zuwa wa saksafoni. Waliungana na John Ngereza, mpigaji gitaa na mwimbaji kutoka Tanzania. Orodha hiyo inatufundisha kitu. Kilichotoka ni chumba cha mivukuto, si chumba cha fuawe. Waliokuwa nyuma ya solo ndio waliokwenda kuanzisha nyumba yao.

Kama kuvukuta kungekuwa daraja la chini tu, bendi hiyo mpya ingekuwa na moto bila chuma. Matokeo yalikuwa kinyume. Wimbo wa Sina Makosa, uliowatambulisha mwishoni mwa miaka ya 1970, ungali unapigwa Afrika Mashariki nzima. Muundo wake unastahili kuelezwa. Besi ya Malanga haijazi kila pigo. Inaacha mapengo, na mapengo hayo ndiyo yanayoutikisa wimbo. Ridhimu ya Shabani inaingia ndani ya mapengo hayo kwa kifungu kifupi kinachorudiwa, chenye utulivu unaoweza kumhadaa msikilizaji adhani hakuna kinachotendeka. Solo inapoingia, inakuta nyumba imekwisha kujengwa. Kazi yake ni kufungua madirisha. Mtu anaweza kuiondoa solo katika fikra zake na wimbo ukabaki umesimama. Akiiondoa ridhimu, hakuna kinachobaki ila maneno na ngoma.

Omar Shabani alibaki kwenye gitaa la ridhimu hata katika bendi aliyoshiriki kuianzisha. Kama ridhimu ingekuwa kiti cha kusubiria tu, hapo ndipo angekiacha. Hakukiacha. Na jina alilopewa na watu lilikuwa Profesa. Hadhira ya dansi haina mazoea ya kutoa majina ya heshima kwa hisani, na katika jina hilo ilitamka hukumu ambayo wahakiki hawajaitamka hadi leo: kwamba mwenye elimu katika bendi ile ni yule anayelisha moto. Dar es Salaam nayo ilikuwa na mfano wake katika Michael Enoch, mpigaji na mpangaji wa muziki wa Dar es Salaam Jazz na baadaye Mlimani Park, aliyeitwa Ticha kwa sababu ya wengi waliopita mikononi mwake. Majina hayo mawili ya lakabu ni sehemu ya nadharia ya wenyeji kuhusu muziki wao, na mtafiti hana budi kuyachukua kama data.

6.0 Taarabu kama Darasa la Pili

Maelezo ya uanagenzi wa Tanga hayatakamilika bila taarabu. Katika miaka ya 1960 kikundi cha Black Star Musical Club cha Tanga kiliingiza magitaa ya umeme na besi ya bendi za dansi katika taarabu, na baadaye Lucky Star ikajitenga nacho na kuuendeleza mtindo huo. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, alipata sifa yake ya kwanza katika vikundi hivyo. Mwaka 1989 rekodi za vikundi hivi viwili zilikusanywa katika albamu moja iliyotolewa Uingereza kwa jina la Nyota, na ndiyo inayomrahisishia mtafiti wa leo kazi ya kulinganisha.

Uhusiano huu kwa kawaida husomwa kama athari ya dansi juu ya taarabu. Tahakiki hii inapendekeza usomwe pia kwa upande wa pili. Mpigaji gitaa anayeingia katika kikundi cha taarabu hushika nafasi iliyokuwa ya udi. Analazimika kuifuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua, kuipamba bila kuifunika, na kujibu kila mshororo kwa kiitikio kifupi kisha kunyamaza. Ushairi wenye vina na mizani humfunga. Hawezi kuongeza noti pale ambapo mshororo haujakwisha. Tena katika taarabu mashairi ndiyo bwana, na hadhira huja kusikiliza maneno. Kwa hiyo mji ambao dansi na taarabu vilikaa mtaa mmoja uliwapa vijana wake madarasa mawili ya staha: ridhimu iliwafundisha kuukalia mwendo, na taarabu ikawafundisha kulisubiri neno. Utulivu wa magitaa ya Wanyika unaposikilizwa baada ya Black Star, huonekana kuwa tabia ya mji mzima kuliko hulka ya mtu mmoja.

7.0 Kutoka kwa Fundi: Jina kama Somo

Wahakiki wengi huusimulia mgawanyiko wa 1978 kama ugomvi. Ugomvi huenda ulikuwapo, kwa kuwa bendi ni mahali pa kazi na kazi ina ujira. Lakini uanagenzi una mwisho unaotarajiwa. Mwanagenzi asiyetoka hajahitimu. Katika vyuo vya pwani, mwanafunzi aliyekamilisha kitabu kwa shekhe wake hupewa ijaza, idhini ya kukisomesha kwingine, na idhini hiyo humfunga kwenye silsila ya walimu waliotangulia. Katika bendi hakuna karatasi ya namna hiyo. Idhini hujitwalia mwenye uwezo, na hukubaliwa na hadhira.

Kinachothibitisha kwamba kutoka huku hakukuwa kuikana nasaba ni jina. Walioondoka hawakutafuta jina jipya kabisa. Walichukua Wanyika, wakaongeza kiambishi cha Kifaransa kama ilivyokuwa fasheni ya bendi za Kikongo. Issa Juma naye, aliyepitia Les Wanyika, aliunda Super Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina lilisafiri kutoka bendi hadi bendi kama ukoo, na hapa maana tatu za neno somo zinakutana. Wanyika ni somo lililofundishwa, yaani namna ya kupangana kwa magitaa. Ni somo aliyefunda, yaani bendi mama. Na ni somo kwa maana ya mshiriki wa jina. Mwenye kuasi hubadili jina. Mwenye kurithi hulibeba, hata anapoondoka kwa hasira.

8.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya santuri na redio. Yaweza kusemwa kwamba vijana wa Tanga walifundishwa na sauti za Kongo zaidi kuliko na wazee wa klabu. Mwenda Jean Bosco, Mswahili wa Katanga kwa lugha, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na gitaa lake lilisikika Afrika Mashariki yote. Baada yake walikuja Franco na Dr Nico. Ushawishi huo haukanushiki. Hata hivyo santuri humfundisha mtu noti. Haimfundishi jinsi ya kumpisha mwenzake, kwa kuwa santuri haijibu na haikasiriki. Kijana aliyeiga solo ya Dr Nico chumbani kwake bado alihitaji mtu wa kumwambia, kwa jicho tu, kwamba hapa si mahali pake.

Pingamizi ya pili ni ya fahari ya mtu mmoja. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa pamoja, na utukufu wake unaonekana kuunga mkono hadithi ya kipaji. Tahakiki hii haikatai kipaji. Inasema kwamba kipaji ni nusu ya maelezo, nayo ndiyo nusu rahisi. Lebo za santuri za wakati huo kwa kawaida ziliandika jina la bendi na la mtunzi. Aliyepiga ridhimu hakuandikwa. Mhakiki anayeanza na lebo hurithi upofu wake, akadhani ukimya wa karatasi ni ukimya wa muziki. Hilo ni suala la haki kadiri lilivyo suala la historia, kwa sababu anayeachwa nje ya maandishi huachwa pia nje ya mirabaha, nje ya tuzo na nje ya kumbukumbu za wajukuu.

9.0 Hitimisho

George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, na Simba Wanyika ikafikia mwisho wake. Kufikia wakati huo uchumi wa mkonge uliokuwa umeilisha Tanga ulikwisha kudhoofika, klabu zenye vyombo zilipungua, na kinanda cha umeme kilikuwa kikichukua nafasi za ala kadhaa kwa mkupuo, katika taarabu hasa. Mara nyingi hali hiyo huelezwa kuwa ni kutoweka kwa wapigaji hodari. Kwa mujibu wa hoja iliyojengwa hapa, kilichotoweka kwanza ni kiti. Vijana wenye vipaji wangaliko Tanga, Pangani na Muheza, na gitaa leo ni rahisi kulipata kuliko mwaka 1966. Walichokosa ni mahali pa kukaa miaka mitatu au minne wakirudia kifungu kimoja kando ya mtu anayejua kwa nini kinarudiwa.

Hapo ndipo methali inapodai kusomwa upya. Tuliianza kwa tafsiri ya kawaida, kwamba kuvukuta ni fungu la asiyeweza kusana. Ushahidi wa magitaa ya Wanyika hauikubali tafsiri hiyo. Mwenye mivukuto ndiye anayejua moto una joto gani, na nyundo hungoja neno lake. Inafaa basi methali isomwe kama maelezo ya nyumba ya mhunzi ilivyopangwa: wapo wanaosana na wapo wanaovukuta, na chuma hakipati umbo ila kwa wote wawili. Omar Shabani alivukuta maisha yake yote, na watu wakamwita Profesa.

Kwa watafiti watakaofuata, tahakiki hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, uchambuzi wa nyimbo za dansi uanzie kwenye mpangilio wa magitaa kabla ya mashairi, ili mhakiki asikie kwa utaratibu uleule anaosikia mchezaji ukumbini. Pili, masimulizi ya wapigaji wa ridhimu na besi waliobaki yakusanywe kwa maswali yanayohusu kiti: nani alikikalia kabla yako, alikuonyesha nini, na wewe ulimpisha nani. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu. Mji wake wa Tanga bado unawadai wahakiki wasifu wa watu waliokaa hatua mbili nyuma ya mwimbaji, wakishika mwendo.